Mistari Saba

Kalama, Machakos
15 Januari 2024

Kwa Mbithe, mpwa wangu na mama yangu kwa jina,

Nakusalimu kwa niaba ya nyumba zote mbili. Mama yako ni mzima na ameanza kuvuna ndengu. Mwaka huu zimefanya vizuri upande wa juu wa shamba, lakini upande wa chini maji yalivunja tuta moja na kuzifukia. Mkaza mjomba wako, Syombua, anakusalimu na anauliza kama bado unakula. Ndugu yako Festus yuko Athi River kwenye kiwanda cha saruji, huja nyumbani kila mwisho wa mwezi na kelele zake.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mzee Wesley aliniuliza mbele ya watu unasomea nini huko Ujerumani. Nilimjibu: sumaku. Akauliza: sumaku ya namna gani? Nami ndiye niliyetangaza kanisani kwamba Kalama itapata daktari wa sayansi. Nilirudi nyumbani nikatoa barua zako nne za mwaka jana. Ya kwanza inaeleza theluji. Ya pili inaeleza mkate. Ya tatu inaeleza treni zinazochelewa. Ya nne inarudia theluji. Hakuna hata moja inayoeleza unafanya nini ukishaamka.

Nilisahihisha insha kwa miaka thelathini na minne, Mbithe. Mwanafunzi anayeandika sana juu ya hali ya hewa hajasoma kitabu.

Naomba unijibu kwa barua. Usipitie kwenye simu ya Festus. Maneno ya simu hayana saini, naye huyatia chumvi. Uandike kwa wino mweusi na herufi kubwa, kwa heshima ya msomaji. Wino wa buluu ni wa risiti.

Mjomba wako,
Aloys Ndambuki


11 Februari 2024

Kwako Mjomba,

Shikamoo, na salamu kwa Aunti Syombua. Mwambie ninakula. Jumamosi nilijaribu kupika muthokoi kwa mahindi ya kopo, na Danuta, Mpolandi ninayefanya kazi naye maabara, aliyamaliza kwa adabu kisha akaniuliza kama kwetu tuna meno ya ziada. Pole kwa tuta lililovunjika. Mwambie Mama asilijenge peke yake, amngojee Festus.

Umenihukumu kwa haki. Niliandika theluji kwa sababu kazi yangu ni ngumu kuieleza, lakini nitajaribu.

Sumaku unayoijua wewe, ile uliyotuletea darasani ikavuta misumari, ina chembe ndogo zisizohesabika, na zote zimeelekea upande mmoja. Ndiyo maana inavuta. Kuna aina nyingine ambayo kila chembe imeelekea kinyume cha jirani yake: huyu kaskazini, yule kusini, huyu kaskazini, yule kusini. Nguvu zao zinafutana. Ukiileta karibu na msumari, msumari hautikisiki. Kwa nje ni kama jiwe tu, lakini ndani kuna utaratibu mkali. Tena utaratibu huo si mmoja kwa jiwe zima. Umegawanyika kama mashamba: hapa chembe zimejipanga kwa mstari unaoelekea huku, pale kwa mstari unaoelekea kule, na katikati pana mpaka.

Kazi yangu ni kupiga picha ya mashamba hayo. Nina kipande cha fuwele ya oksidi ya nikeli, kidogo kuliko punje ya ndengu, nimekipasua kwa wembe ili nipate uso safi. Nakiweka ndani ya hadubini ambayo haitumii mwanga bali elektroni. Elektroni zikienda polepole zinagonga uso na kurudi, na zinaporudi zinabeba habari kidogo ya jinsi chembe zilivyoelekea. Kidogo sana. Ni kama kusikiliza mtu anayenong'ona kinu cha kusaga kikiwa kinanguruma.

Nimekuwekea picha moja. Utaona mistari saba, myeusi na myeupe kwa zamu. Profesa anasema hiyo ndiyo mipaka yenyewe, na akiwa sahihi tutaandika makala, jina langu likiwa la kwanza, na mwezi wa Novemba nitatetea tasnifu yangu.

Kuna mtihani mmoja uliobaki. Utaratibu huu wa chembe huvunjika ukipashwa moto kupita nyuzijoto mia mbili na hamsini hivi. Kwa hiyo nitalipasha fuwele moto. Mistari ikitoweka, ni sumaku. Isipotoweka, ni kitu kingine. Nitafanya hivyo wiki ijayo.

Mpwa wako,
Mbithe


Kalama, 17 Machi 2024

Kwa Mbithe,

Barua yako ilikaa posta siku tisa kabla sijaarifiwa. Tu wazima. Mvua haijaja. Festus alilijenga tuta Jumamosi moja na likabomoka Jumatatu, kwa hiyo mama yako amelijenga mwenyewe.

Nimekusoma mara tatu. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilishuku. Sumaku isiyovuta, picha ya kitu kisichoonekana, na mtaalamu anayesema yeye anakiona! Mwaka 1997 alipita mtu hapa Kalama na chupa ya maji yenye umeme ndani. Umeme nao haukuonekana. Lakini mtu yule hakuwa na mtihani wa kumwumbua, nawe unao. Hilo ndilo lililonituliza. Mtu anayetaja mwenyewe jambo litakalomwumbua si tapeli.

Picha nimeiona. Mistari saba, kama ulivyosema. Inanikumbusha matuta ya shamba la babu yako yakitazamwa kutoka barabarani.

Hukuniambia jambo moja: fuwele lilipopashwa moto, mistari ilitoweka? Wiki uliyoitaja imekwisha kupita. Nangoja jibu la neno moja.

Mjomba wako,
A. Ndambuki


28 Aprili 2024

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama amelijenga tuta, ingawa nimemwandikia Festus maneno ambayo huwezi kuyasahihisha. Natumaini mvua imefika. Huku majani yameanza kurudi na watu wamekaa nje na koti kana kwamba ni Mombasa.

Makala imekwenda. Tuliituma kwenye jarida tarehe tano. Profesa amefurahi mno, na Danuta alileta keki. Kuhusu moto, fuwele lilipopashwa picha ilionekana kupoteza mistari, na hivyo ndivyo tulivyoandika. Nimekuwekea picha ya pili pamoja na barua hii, uitazame kwa makini yako yote. Naomba uniambie unaona nini.

Mjomba, naomba niulize nami, usinikasirikie. Barua yako ya Machi haikuwa na mwandiko ninaoujua. Mistari ilipandana. Sentensi ya mwisho ilipita juu ya ile iliyoitangulia nikalazimika kuigeuza karatasi. Wewe ndiye uliyetupiga rula tuliposhuka chini ya mstari. Tena Festus amenipigia simu. Anasema siku alipokuja mbele kanisani kurekebisha kipaza sauti ulikuwa unasoma somo la Isaya, lakini Biblia mbele yako ilikuwa wazi kwenye Zaburi.

Je, unaumwa?

Mpwa wako,
Mbithe


Kalama, 9 Juni 2024

Kwa Mbithe,

Tu wazima, isipokuwa mbuzi mmoja.

Mwandiko wangu uliharibiwa na kalamu mbaya niliyouziwa Machakos mjini. Festus ana umri wa miaka ishirini na sita na bado hatofautishi Isaya na Zaburi, sishangai. Hayo yamekwisha.

Sasa wewe. Barua yako ya Februari inasema: "Mistari ikitoweka, ni sumaku." Barua yako ya Aprili inasema: "picha ilionekana kupoteza mistari." Sikukuuliza picha ilionekanaje. Nilikuuliza kama mistari ilitoweka. Nilitaka neno moja, ukanipa mengi yasiyo na mtu ndani yake. Nani aliyeiona picha ikipoteza mistari? Mara ngapi? Mtoto akiulizwa "Umekula nyama?" akajibu "Nyama ilionekana kupungua," mzazi mwenye akili hunusa mikono yake.

Tena makala imekwenda, keki imeliwa, na katika barua nzima hakuna furaha yako. Kuna ya Profesa na ya Danuta. Yako iko wapi?

Picha ya pili nimeitazama kama ulivyoomba. Mistari saba ninaiona vizuri, imenyooka kuliko ya picha ya kwanza. Nakupongeza kwa hilo. Lakini sielewi kwa nini umenitumia mistari mingine badala ya jibu.

Natumaini hakuna mwanamume katika jambo hili.

A. Ndambuki


14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nimezituma kwa Festus, kwa sababu barua hii haina nafasi.

Picha ya pili haina mstari hata mmoja. Ni kijivu kitupu kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu yeyote mwenye macho angeniambia hivyo kabla hajaitoa kwenye bahasha.

Nimeitazama sentensi yako siku tatu. "Imenyooka kuliko ya picha ya kwanza." Uliona saba kwa sababu nilikuambia saba. Basi ya kwanza nayo hukuiona. Wino mweusi, herufi kubwa, mistari inayopandana, Isaya unayemsoma kwenye Zaburi: huoni, Mjomba. Sijui tangu lini. Nashuku Aunti naye hajui, na kanisa zima halijui, nawe unasimama pale kila Jumapili ukigeuza kurasa.

Nilikasirika sana. Kisha nikaona sina haki ya kukasirika, na sasa nakujibu ulichoniuliza.

Picha hiyo ya kijivu ndiyo iliyo kwenye makala. Ndiyo ushahidi wetu kwamba mistari ilitoweka kwa moto. Niliipiga mwenyewe. Fuwele likipashwa moto huvimba na kusogea, na lenzi hupoteza shabaha. Kila kitu kinakuwa ukungu. Mimi nilikuwa nimengoja mistari itoweke kwa miezi mingi kiasi kwamba nilipoona ukungu nilipiga kelele za furaha. Profesa akaja mbio, akaona alichokuwa anakingoja yeye pia. Hakuna aliyegusa lenzi.

Mwezi wa Mei, makala ikiwa imekwisha kutumwa, nilirudia peke yangu. Safari hii nilipasha moto nikangoja saa nzima mpaka fuwele likatulia, nikairekebisha lenzi upya. Mistari ilikuwapo. Yote, palepale, kwenye nyuzijoto mia tatu. Si sumaku, Mjomba. Ni ngazi ndogo zilizobaki pale wembe ulipopita nilipokipasua kipande. Ni matuta. Mimi niliyezaliwa kwenye matuta sikuyatambua matuta. Tuta halikimbii jua likiwaka.

Picha hiyo ya Mei iko kwenye droo yangu. Hakuna anayejua. Nikisema, makala inaondolewa, tasnifu inabaki bila sura yake kuu, Novemba inapotea, labda na Profesa naye. Nisiposema, nitakuwa daktari wako uliyemtangaza.

Unajua kwa nini nilikutumia ile ya kijivu? Wewe uliwahi kunirudishia insha kwa sababu ya nukta moja. Nilitegemea utaniandikia: Mbithe, picha hii ina ukungu, irudie. Nilitaka mtu mmoja anikamate. Nikachagua mtu asiyeona.

Kuanzia hapa sikuandikii kama mpwa. Nilipewa jina la mama yako. Tangu nikiwa mdogo, kila ulipotaka kunipendeza uliniita "mwaitu," mama yangu, ukanipa kiti kabla ya wanao. Sijawahi kulitumia jina hilo. Leo nalitumia.

Ndambuki, nenda ukaangaliwe macho.

Jumatatu, tarehe tisa Septemba, saa tatu asubuhi, nitaingia ofisini kwa Profesa na picha ya droo. Siku hiyohiyo wewe uwe kwenye foleni ya kliniki ya macho. Usipokwenda nitajua, maana Festus ana macho na simu.

Mbithe


Kalama, 1 Septemba 2024

Kwa Mbithe,

Barua yako ilifika katikati ya Agosti. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliisoma kwa siku mbili, nje, juani, kwa lenzi ya mkononi, neno moja moja, huku Syombua akiniuliza ninatafuta nini kwenye karatasi hiyo kama kuku. Na nilipoimaliza sikuweza kuandika.

Hakuna mtu aliyeniita kwa jina tupu tangu mama azikwe.

Ni miaka miwili na miezi kadhaa. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekwisha zaidi. Herufi nyeusi nazipata juani. Picha yako ilikuwa vumbi juu ya vumbi. Ningeweza kukuandikia hivyo. Sikufanya hivyo kwa sababu wewe ulisema saba, na mzee asiyeona hujifunza kuitikia upesi kabla hajaulizwa mara ya pili. Masomo ya Jumapili huyakariri Alhamisi na Ijumaa. Somo nisilolijua humwomba Syombua "aniburudishe" kwa kulisoma jikoni. Sikwenda kliniki kwa sababu siku nitakayosema sioni ndiyo siku watu watakayouliza nilikuwa nikisoma nini.

Umesema huna haki ya kukasirika. Unayo. Ningekuwa nimekwenda kwa daktari mapema, ningekukamata kwa picha ya Aprili, nawe usingekaa na droo hiyo hadi leo.

Kuhusu makala yako sitakuambia la kufanya. Umekwisha kuniambia wewe mwenyewe, na tarehe umeiweka. Nakuambia tu jinsi tulivyofanya kazi kwenye chumba cha kusahihisha mitihani. Msahihishaji wa pili hakuonyeshwa alama za wa kwanza. Karatasi alipewa safi, bila wino mwekundu, bila jina, bila hata kuambiwa kama ni ya shule nzuri. Sababu si kwamba wa kwanza alikuwa mwizi. Alikuwa mtu wa haki, mara nyingi. Ni kwamba mtu akionyeshwa saba huona saba. Naona hata Ulaya hawajasikia habari hii.

Barua hii itakufikia baada ya tarehe tisa. Kwa hiyo wewe utaingia ofisini bila kujua kama nimekwenda, nami nitakaa kwenye foleni bila kujua kama umeingia. Nakushuku kidogo, na najua wanishuku. Hata hivyo nitakwenda.

Mwana wako kwa jina,
Ndambuki


20 Oktoba 2024

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Festus alinipigia tarehe tisa saa nne za huko. Alisema, "Mzee yuko kwenye foleni, amevaa suti ya harusi, amemkataza kila mtu kumshika mkono." Wakati huo mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa Profesa dakika ishirini. Nilipokata simu nikabisha.

Aliitazama picha ya droo muda mrefu. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja: "Kwa nini hukusema Mei?" Kisha akaniambia nitoke. Kesho yake aliandika kwa jarida na makala ikaondolewa. Tasnifu imesogezwa mwaka mzima. Danuta, ambaye jina lake nalo lilikuwamo, hakuniongelesha wiki mbili. Alikuwa anachemsha chai ya mtu mmoja. Siku moja akaweka vikombe viwili. Hatujalizungumza.

Mama analia kwenye simu, lakini kwa macho yako. Habari zangu nimempa nusu. Nitampa nusu iliyobaki.

Nilimweleza Profesa habari ya chumba cha kusahihisha. Akasema tutafanya hivyohivyo kuanzia sasa. Tumepasua fuwele jipya, nami nimekaa wiki mbili nikitafuta mahali palipo tambarare, pasipo na tuta hata moja, ili kitakachoonekana kisiwe ngazi. Danuta ndiye anayepasha moto, anangoja saa nzima, anarekebisha lenzi, anapiga picha, anazichanganya na kuzipa namba. Mimi nazitazama bila kujua ipi ni ya moto na ipi ya baridi. Ninaona kitu, au nadhani naona. Siamini tena macho yangu nikiwa peke yangu.

Festus anasema jicho la kushoto limekwisha kupasuliwa na bandeji imetoka. Basi nakuomba kazi. Humu mna picha sita, zimeandikwa namba nyuma na hakuna neno lingine. Sikuambii utafute nini. Sikuambii ni ngapi za moto. Ile bahasha ndogo, aliyoiandika na kuifunga Danuta, ni ya Aunti Syombua peke yake. Aifungue baada ya wewe kuandika majibu yako kwa wino, wala si kabla.

Mpwa wako,
Mbithe


Kalama, 8 Desemba 2024

Kwa Mbithe, mwaitu,

Nakusalimu. Mvua za vuli zimekuja kwa wingi na tuta la mama yako limeshika. Yeye mwenyewe anakusalimu na anasema nusu ya pili ya habari ameipokea na hajafa.

Jicho la kushoto linaona. La kulia litapasuliwa Februari. Kitu cha kwanza nilichokiona kliniki kilikuwa mkono wangu, nikadhani ni wa mzee mwingine. Cha pili kilikuwa Syombua, naye aliniuliza, "Unanitazama hivyo, niko na nini usoni?" Nikamwambia hana kitu. Akasema, "Basi tuende, wewe mzee, gari zinaisha."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa kabla ya somo. Niliwaambia kwamba kwa zaidi ya miaka miwili sikuwasomea bali niliwakaririria, na kwamba Kalama haitapata daktari mwaka huu, kwa sababu mpwa wangu alikosea, na alipogundua akakaa kimya, kisha akasema mwenyewe. Nilingoja. Mzee Wesley akainuka kwa fimbo yake. "Mwalimu," akasema, "sisi tulijua. Kila ukifika Isaya kumi na moja ulikuwa unaruka mstari wa nne. Tukasema acha, atauona siku moja." Watu wakacheka mpaka mchungaji akashika meza. Nilifungua Biblia nikautafuta mstari huo. Upo, na ni mrefu. Nimeuruka miaka miwili.

Kabla ya picha zako mpya nilizitoa zile mbili za zamani. Ya kijivu ni ya kijivu, na mimi niliisifu kwa kunyooka. Nisamehe. Ya kwanza niliihesabu kwa ncha ya sindano, mara tatu. Ina mistari tisa. Uliniambia saba, nami nikasema saba. Nani alihesabu?

Sasa kazi uliyonipa. Nilikaa mezani asubuhi, mlango wazi, mgongo kwenye mwanga. Syombua alikaa upande wa pili akiwa ameikalia bahasha yake.

"Usinitazame usoni," aliniambia. "Mimi pia sijui kilicho ndani."

"Sikutazami wewe. Nangoja jicho litulie."

"Jicho limetulia tangu Oktoba. Andika, Mwalimu. Kumbe wanafunzi wako walikuwa wanasikia hivi."

Mwanzoni zote sita zilikuwa kijivu. Nilikaribia kuandika kwamba zote ni tupu. Kisha katika ya kwanza nikaona sehemu mbili, moja imezidi nyingine giza kidogo sana, kama udongo uliolowa karibu na ule uliokauka, na kati yake mpaka usionyooka. Haufanani na tuta. Matuta hufuata mteremko. Huu ulikwenda ulivyotaka. Niliiweka kando. Niliuona tena katika ya tatu, mahali palepale, na katika ya nne. Ya pili na ya tano hazikuwa na kitu. Ya sita nilikaa nayo kupita zote, nikaigeuza, nikaipeleka mlangoni, nikairudisha. Sikuona mpaka.

Niliandika: moja, tatu na nne zina mpaka. Mbili, tano na sita hazina. Nikatia saini na tarehe. Karatasi hiyo imo humu, usiinakili, uihifadhi yenyewe.

Syombua akapasua bahasha kwa meno. Akasoma polepole, kidole kikifuata Kiingereza cha Danuta: "Za moto ni mbili na tano. Za baridi ni moja, tatu, nne na sita."

Akahesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Sasa, si ni vizuri? Tano kati ya sita. Mwandikie mtoto ulipata zote, jicho bado ni jipya. Hiyo moja ni nini?"

Nilimjibu kwamba kwa hiyo moja mtoto alipoteza mwaka.

Basi mpaka upo, Mbithe. Uko palepale kwenye baridi, na kwenye moto haupo, nami sikuambiwa niuone. Lakini ya sita nilikosea. Sikuona kitu penye kitu. Usiiache nje ya hesabu kwa ajili ya heshima yangu. Iandike, na uandike ni nani aliyekosea.

Ndambuki